Dalili zikirudi wakati unapunguza prednisolone: mambo ya kujua ukiwa Nakivale

Prednisolone ni dawa ya aina ya steroidi. Hupewa watu wenye pumu kali, baridi yabisi, lupasi, baadhi ya magonjwa ya figo na mengine ambayo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Ukipata nafuu, daktari hukupangia kuipunguza kidogo kidogo. Katika kipindi hicho maumivu au uvimbe unaweza kurudi. Hapo wengine huacha dawa kabisa wakisema imeshindwa, na wengine hununua nyingine dukani na kujiongezea. Yote mawili ni hatari, na la kwanza linaweza kuua.

Kwa nini isiachwe ghafla

Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni ya kortisoli, inayosaidia mwili kuhimili ugonjwa na kutunza shinikizo la damu. Kwa siku, mwili hutengeneza kiasi kinacholingana na karibu miligramu 5 za prednisolone, yaani kidonge kimoja cha kawaida. Ukinywa zaidi ya hapo kwa wiki 3 au zaidi, tezi hizo zinaweza kulala, na kuamka kwake huweza kuchukua miezi. Ndiyo maana kushuka kutoka vidonge 8 hadi 6 mara nyingi ni rahisi kuliko kushuka kutoka kimoja na nusu hadi kimoja.

Ni ugonjwa, au ni mwili kukosa dawa?

Uchovu mwingi, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kizunguzungu ukisimama na kuumwa mwili mzima huweza kuonyesha kuwa mwili umekosa steroidi. Ugonjwa wenyewe mara nyingi hurudi kwa sura yake ya zamani: vidole vilevile vinavimba na kukaza asubuhi, mkojo unatoa povu tena, kifua kinabana usiku. Kutofautisha ukiwa nyumbani si rahisi. Malaria nayo huleta maumivu ya viungo, kwa hiyo omba upimwe. Usijipe moyo kwa sababu huna homa kali; steroidi zinaweza kuificha.

Mpaka uonwe, baki kwenye kipimo ulichopo, usipunguze tena. Mara nyingi daktari hukurudisha kwenye kipimo cha mwisho kilichokutuliza, kisha mnashuka polepole zaidi. Kwa maumivu, parasetamoli ni salama zaidi kuliko diclofenac au ibuprofen, ambazo zikichanganywa na prednisolone huongeza hatari ya vidonda vya tumbo.

Nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku, ikiwa unatapika na dawa haikai tumboni, huwezi kusimama, umezimia, unachanganyikiwa, unashindwa kupumua au tumbo linauma sana. Sema mapema: "Natumia prednisolone kwa muda mrefu." Huenda ukahitaji sindano ya hydrocortisone. Wafundishe watu wa nyumbani kwako maneno hayo, maana siku hiyo huenda wewe usiweze kuyasema. Ukipata malaria, au ukitakiwa kufanyiwa upasuaji, uliza kama kipimo kiongezwe kwa siku chache.

Kutoka Misiera hadi Mbarara

Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Vituo vya makazi huhudumia wakimbizi na wenyeji. Ikihitajika, omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbarara. Katika daftari lako la matibabu andika tarehe ya kila upunguzaji, idadi ya vidonge na siku dalili ziliporudi. Beba pakiti za dawa zote. Kama hujui Kiingereza wala Runyankore, nenda na mtu wa kukutafsiria.

Vidonge vikibaki vya wiki moja, usingoje. Kama kituo kimeishiwa, omba karatasi ya kununulia kipimo kilekile. Kuvigawa nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi huweza kukudhuru sawa na kuacha ghafla.

Mweleze daktari pia kama unatumia dawa za kifua kikuu, kwa sababu rifampicin hupunguza nguvu ya prednisolone, au kama umekuwa ukinywa dexamethasone ili unenepe au kupaka krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi ya krimu hizo zina steroidi kali, na kuziacha ghafla kunaweza kukuletea dalili hizi hizi.