Mtetemo wa Mashua na Historia ya Mfereji wa Southall

Wahenga walinena kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ndivyo tulivyofanya sisi wanachama pale mashua yetu ya mfano, inayoongozwa kwa redio, ilipoanza kutetemeka hadi skrubu zikalegea. Tuliilaumu injini, tukaifungua mara mbili, tusione kasoro. Kosa lilikuwa kwenye shafti. Makala haya yanaonyesha kwamba kosa kama letu lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imepita hapa hapa Southall.

Mwaka 1898, Nikola Tesla alionyesha jijini New York mashua ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio. Ilitumia umeme wa betri. Injini ya petroli au dizeli ni habari nyingine: pistoni hupanda na kushuka, na kila inapogeuka huisukuma bodi. Injini ya silinda moja haiwezi kusawazishwa kabisa. Kwa hiyo mtetemo kidogo ni kawaida. Wa kutiliwa shaka ni ule unaoanza ghafla au unaozidi kwenye mwendo fulani.

Miaka minne kabla ya Tesla, Charles Parsons alizindua meli yake, Turbinia, yenye mtambo wa mvuke wa aina mpya. Wengi walitarajia maajabu, lakini haikuvuka sana kilomita 36 kwa saa. Ilikuwa rahisi kuushuku mtambo. Parsons aliamua kuchunguza pangaboi kwa kutumia mifano midogo ndani ya tangi la maji, akaona kuwa likizunguka kasi mno hutengeneza mapovu na kupoteza nguvu. Akaweka shafti tatu, kila moja na mapangaboi matatu. Mwaka 1897 meli ile ile ilipita kilomita 60 kwa saa. Mtambo haukuwa na hatia.

Southall nayo ilijifunza somo hilo kwa mikono. Tawi la mfereji linaloanzia Bull's Bridge kwenda Paddington lilifunguliwa mwaka 1801, na kwa miaka mingi mashua zilivutwa na farasi. Katika miaka ya 1930, kampuni ya Grand Union iliagiza mashua nyingi za dizeli za silinda mbili, na karakana ya Bull's Bridge ikawa mahali pa kuzitengeneza. Hatua chache kutoka mfereji huo, kiwanda cha AEC kiliunda mabasi na malori hadi kilipofungwa mwaka 1979. Kufikia wakati huo, Southall ilikuwa imewapokea Waasia wengi kutoka Kenya, na wengine waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Miongoni mwa jamii hizo walikuwamo watu wa karakana za reli na gereji, wanaojua maneno kama fundi na spana kwa Kiswahili chetu.

Ni utaratibu gani basi tunaourithi? Kutenganisha kabla ya kulaumu. Kwanza, tenga injini na shafti, iwashe kwa muda mfupi bila kuikimbiza. Ikitetemeka peke yake kupita kawaida, kagua boliti na raba za kuishikilia, kisha beringi. Ikitulia, unganisha shafti bila pangaboi. Mtetemo ukirudi, viringisha shafti juu ya kioo uone kama imepinda. Kisha legeza boliti za injini utazame kama ncha mbili zinakutana zenyewe au zilikuwa zinalazimishwa. Mwisho rudisha pangaboi. Kama kasoro iko hapo, lipachike kwenye waya mwembamba ulionyooka: upande mzito utashuka, nao ndio wa kupigwa tupa kidogo kidogo.

Mashua yetu ilipona katika hatua ya pili. Tulichojifunza zaidi ni kwamba historia ya Southall huandikwa kwa maandamano na vyakula, ilhali ujuzi wa mikono hautajwi. Karakana na kiwanda vimefungwa. Wazee waliovijua wanazidi kupungua. Tunapendekeza chama chetu kiwatembelee wale waliobaki, kirekodi maneno yao ya ufundi kwa Kiswahili, kabla hatujaanza kulisingizia jua tena.