Kuanzisha Upya Si Kuponya

Wengi kati yetu leo tuko na programu za intaneti tunazojenga: ya kuuza mazao, ya kuandikisha wanafunzi, ya kutuma pesa. Sasa ikikwama saa nane ya usiku, nani ataamka kuiwasha? Swali hili ni la zamani kuliko intaneti.

Tarehe 20 Julai 1969, Apollo 11 ilikuwa inashuka kwenye mwezi. Ordinatere yake ikalemewa na kazi, ikatoa alama ya hatari 1202. Haikufa. Ilijianzisha upya yenyewe, ikaacha kazi ndogo-ndogo, ikashika zile za kutua. Walioandika programu walikuwa wameamua mbele kazi gani ni ya lazima.

Mwaka 1997, chombo Mars Pathfinder kilitua Mars. Siku chache baadaye ordinatere yake ikaanza kujiwasha upya mara kwa mara. Ndani iko na mlinzi: kazi kubwa isipoisha kwa wakati, anaanzisha yote upya. Mlinzi aliokoa chombo, lakini kila mara kazi ya siku ile ilikatika mpaka kesho yake. Ugonjwa ulikuwa pale pale: kazi ndogo ilishikilia kitu ambacho kazi kubwa ilikingojea. Mafundi walitafuta tatizo lile kwenye mashine pacha hapa duniani, wakaliona, ndipo wakatuma marekebisho.

Mwaka 2013 Docker ikatoka na konteneri zake. Programu ikikufa, inaweza kuiwasha tena. Lakini ile inayoishi bila kujibu mtu? Mwaka 2016 wakaongeza kipimo cha afya. Hapa wengi wanadanganyika: Docker peke yake inaandika tu kwamba konteneri ni mgonjwa, haiiwashi upya. Kubernetes, ambayo Google iliitangaza mwaka 2014, ndiyo inafanya vile. Ukiiwekea kipimo, kwa kawaida inauliza kila sekunde 10. Jibu likikosekana mara 3 mfululizo, inaua na kuanzisha nyingine. Ikiendelea kukufa, inangoja sekunde 10, 20, 40, mpaka dakika 5.

Sisi watu wa kilimo tunajua jambo hili. Muhogo wenye michirizi ya kahawia unaweza kuwa na majani mazuri, lakini ukingʼoa, mizizi imeoza ndani. Kuona programu imesimama ni kuangalia majani tu.

Kwa hiyo, kipimo kiulize kama programu yenyewe inajibu. Kisiulize juu ya hifadhidata: siku hifadhidata itaanguka, programu zote zitauawa bila kosa lao. Na asubuhi ukikuta imejiwasha mara kumi, usifurahi haraka. Soma maandishi iliyoacha kabla ya kukufa. Mlinzi amekupatia muda tu. Kutafuta ugonjwa kunabaki kazi yako.