Bodi Ndiyo Chesi

"Jaduong', hii haina chesi. Hii ni bodi tu."

Ndivyo utakavyoambiwa katika magereji ya Kondele, mjini Kisumu, pembeni mwa barabara ya Kakamega, ukipeleka Forester kuukuu na kuuliza kama inaweza kugeuzwa iwe gari la otokrosi. Jibu lenyewe ni sahihi. Ugomvi wangu ni na lile neno dogo la mwisho. "Tu" huongoza mkono. Fundi akishaamini kwamba mbele yake pana bodi tu, atakata na kutoboa bila kuuliza bati analoligusa linafanya kazi gani.

Chesi, au chesisi kama wanavyoandika wenye vitabu, ni ile fremu ya vyuma viwili virefu iliyo chini ya lori, Land Cruiser au Hilux. Injini imefungwa juu yake, ekseli zimeshikiliwa chini yake, na bodi imekalishwa kwa boliti na raba. Ukitaka, unainyanyua bodi nzima na kuiweka kando, na kilichobaki bado kinasukumika. RAV4 ya mwaka 1994, CR-V ya 1995 na Forester ya 1997 zilikuja na kimo cha magari hayo, lakini ndani ni mambo mengine kabisa. Hakuna cha kunyanyuliwa. Sakafu, nguzo za milango, paa, ukuta unaotenganisha injini na abiria: vyote ni bati lililokunjwa na kuunganishwa kwa maelfu ya nukta za moto, na kila kipande kina mzigo wake.

Kiswahili kinapokutana na kitu kama hiki, njia ya mkato ni kukiita kwa kile kilichokosekana. Shuleni tulimsoma pweza miongoni mwa wanyama wasio na uti wa mgongo, na ile mikono yake minane haikupata nafasi katika jina la kundi. "Gari lisilo na chesi" ni jina la ukoo huohuo. Linamwambia fundi asitafute vyuma viwili chini ya sakafu. Halimwambii nguvu imehamia wapi.

Majina mengine yapo ya kujaribiwa. Wafaransa wana neno coque, ambalo kwao ni ganda la yai na pia ni bodi ya chombo cha majini, na kutoka hapo dunia ya magari ikapata "monokoki". Basi tuseme ganda? Kwetu ganda ni kile kinachomenywa na kutupwa, la ndizi au la njugu. Gamba lina heshima kwa kobe, lakini nenda ufuko wa Dunga asubuhi uone magamba ya samaki aina ya ngege yakiparuliwa kwa kisu na kurundikana miguuni mwa akina mama. Katika mji wa samaki, gamba ni taka, na sioni mtu wa Kisumu akikubali kwamba kitu anachokiparua kila siku ndicho kinachobeba injini na watu watano.

Wazo lenyewe, hata hivyo, si geni kwetu. Mtepe, chombo cha kale cha pwani ya Lamu, ulijengwa kwa kushonwa. Mbao za ubavuni ziliungwa kwanza kwa kamba za makumbi ya nazi, na mataruma, yaani mbavu za ndani, yakatiwa baadaye. Nguvu ilikaa katika mbao na mishono yake. Mataruma yalikuja kuimarisha kilichokwisha kusimama. Hata kwenye ziwa hili letu, mitumbwi ya Sese iliyotoka upande wa Uganda ilikuwa na mbao za kushonwa. Inasimuliwa kwamba Vincenzo Lancia, Mwitaliano aliyeonyesha gari lake la Lambda mwaka 1922 likiwa na bodi inayojibeba yenyewe, naye wazo alilipata kwenye chombo cha majini. Kwa hiyo fundi wa merikebu wa Pate angemwelewa Lancia bila mkalimani, na ndiyo maana sikubali tuseme Kiswahili hakina mahali pa kulipokea jambo hili.

Kwenye otokrosi jina baya linageuka kazi mbaya. Otokrosi ya Kenya, iliyozoeleka katika viwanja kama Jamhuri na Stoni Athi, ni ya vumbi: njia fupi, kona za kubana, saa ikihesabu. (Marekani jina hilohilo ni la lami iliyopangwa koni za plastiki.) Palipojaa kona, gari la juu huanza likiwa na deni. Hesabu yake ni fupi: chukua nusu ya upana kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, ugawanye kwa kimo cha kitovu cha uzito. Jibu likiwa dogo, gari ni jepesi kupinduka. Kwa hiyo ama utanue, ama ushushe.

Forester ina nafuu ambayo wengine hawana. Pistoni zake zimelala, nusu zinaelekea kulia na nusu kushoto, kwa hiyo injini imekaa chini. Vijana wa Kondele hata hawaiiti Forester; wanasema SF5 kwa ile ya kwanza, SG5 kwa iliyofuata, na kwa kusema hivyo wanataja herufi zinazoanzia namba iliyogongwa kwenye bati la gari lenyewe. Hiyo ni istilahi safi, fupi, isiyochanganya, na haikutoka kwenye kamati yoyote. SF5 ziliacha kutengenezwa mwaka 2002, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuagizwa kwa gari lililopita miaka 8, zote tulizonazo ni wazee. Ziliundwa juu ya msingi wa Impreza, gari ambalo Patrick Njiru alilimalizia nafasi ya nne katika Safari Rally ya 1994, na undugu huo una faida: shokabsoba na springi za Impreza huweza kufungwa kwenye SF5 zikaishusha kwa adabu.

Nasema kwa adabu kwa sababu kuna njia nyingine, nayo ni kukata springi kwa grainda. Gari linashuka, bei ni ndogo, na kwa macho kazi imekwisha. Lakini shokabsoba sasa haina nafasi ya kutembea. Kwenye shimo la kwanza inafika mwisho, na pigo lote linapanda hadi pale inaposhikana na bodi chini ya boneti. Kwenye lori pigo hilo lingeishia kwenye chuma cha chesi. Hapa linaishia kwenye bati, na bati linaanza kufunguka kwenye maungio yake. Aliyeambiwa "ni bodi tu" hana sababu ya kuogopa.

Lipo jaribio ambalo ningetaka kila mnunuzi alidai kabla spana haijaguswa. Tia jeki kwenye kona moja ya mbele mpaka gurudumu liache ardhi, kisha fungua mlango wa upande huo na uufunge polepole. Sikiliza. Kwenye gari zima mlango unaingia kama ulivyoingia lilipokuwa chini. Kwenye gari lililochoka unagusa nguzo, kitasa kinakwaruza, na inabidi uuinue kwa mkono ndipo ushike. Hapo bodi imejipinda kwa uzito wake yenyewe. Pitisha kidole kwenye ubavu wa chini, ule mfereji wa bati uliofungika chini ya milango, ubonyeze: mara nyingi utakuta pati na rangi mpya vimefunika kutu. Mlango usingekwambia lolote kama bodi ingekuwa nguo tu ya gari.

Kisha inakuja keji, mabomba ya kumlinda dereva gari likipinduka. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka pale bomba linapokanyaga sakafu pawe na bamba la chuma lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba. Bamba ni neno letu la zamani, na linafaa kuliko "pleti" inayosikika siku hizi. Sababu ya kipimo hicho ni nyembamba kwelikweli: bati la sakafu halifiki milimita moja. Bomba likisimama juu yake bila bamba, siku ya kupinduka litaitoboa sakafu badala ya kulinyanyua paa. Waandaaji wa magari ya rali huenda mbali zaidi. Wanafuata maungio ya bodi na kuchomelea mistari mifupi mahali kiwanda kilipoweka nukta, ili bati mbili zishikane kwa urefu. Kazi hiyo ningeiita kushona, na matokeo yake mshono, bila kubadili maana ambayo maneno hayo yalikuwa nayo kwenye mtepe.

Na gari lenyewe tuliite nani? Jibu nililipata kwa kumuuliza fundi swali moja zaidi: kama haina chesi, ni nini kinachobeba injini? Akagonga nguzo ya mlango kwa kifundo cha kidole. "Bodi ndiyo chesi, Jaduong'." Huo ni ufafanuzi kamili, na "ndiyo" imechukua mahali pa "tu". Bodi-chesi, basi. Linatamkika Kondele na Kariakoo vilevile, halina ganda wala gamba, na limetaja kilichopo.

Serikali nayo, bila kukusudia, ilishakubali. Kitabu cha umiliki wa gari kinadai namba ya chesi hata kwa gari lisilo na chesi, na kwenye SF5 namba hiyo imegongwa kwenye ukuta wa injini. Ukuta huohuo ndio mafundi wa mashindano hupenda kuutoboa kupitishia nyaya. Anayeanza kazi abandike kwanza selotepu juu ya zile tarakimu, maana mkaguzi atakuja kuzitafuta hapohapo.