Daftari la Amboseli na akili za wanyama

Mwaka 1963, juu ya mji wa Moshi, kilifunguliwa Chuo cha Mweka cha usimamizi wa wanyamapori. Mwaka huohuo, upande wa pili wa Mlima Kilimanjaro, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, Wamarekani Stuart na Jeanne Altmann walianza kuwachunguza nyani katika tambarare ya Amboseli.

Enzi hizo mtafiti aliandika kile kilichomvutia, na jicho la binadamu huvutwa na ugomvi. Madume mawili yakitoleana meno yalijaza ukurasa mzima, huku jike anayenyonyesha pembeni asipate hata mstari. Ukijumlisha daftari la namna hiyo unapata jamii ya madume wakorofi, usijue kama ndivyo nyani walivyo au ndivyo ulivyowatazama.

Jeanne Altmann alikuwa amesomea hisabati, na udhaifu huo aliuona kama kosa la hesabu. Mwaka 1974, miaka mitano kabla hajapata shahada ya uzamivu, alichapisha katika jarida la Behaviour makala iliyozichambua njia zote za kutazama zilizotumika wakati ule, na kuonyesha kila moja inaweza kujibu swali gani na haiwezi kujibu lipi. Njia inayokumbukwa zaidi ni rahisi kuieleza, ngumu kuifuata: mnyama mmoja anachaguliwa mapema, anafuatwa kwa muda uliopangwa, na kila anachofanya kinaandikwa, hata kama anasinzia na mita chache kutoka kwake kuna pambano kali. Muda ukiisha, zamu ni ya mwingine kwenye orodha. Makala hiyo imetajwa na watafiti maelfu kwa maelfu. Kwangu mimi hakuna zawadi kubwa zaidi iliyotoka Amboseli.

Ila kutazama vizuri hakutoshi pale swali linapokuwa mnyama anaelewa nini. Thomas Struhsaker alikwisha kueleza mwaka 1967 kwamba tumbili wa Amboseli wana milio tofauti ya kuonyana kuhusu chui, tai na nyoka. Lakini huenda tumbili aliyekimbia baada ya mlio alimwona chui kwa macho yake! Mwaka 1977 Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walificha spika na kupiga milio iliyorekodiwa, wakati hakuna adui yeyote karibu. Kwa mlio wa chui, tumbili walipanda mitini. Kwa wa tai, walitazama juu au wakakimbilia vichakani. Kwa wa nyoka, walisimama kwa miguu miwili wakichungulia majani. Matokeo hayo, waliyoyachapisha mwaka 1980 pamoja na Peter Marler, yaliingia katika vitabu vya kiada duniani kote.

Spika zilifika hadi kwa tembo. Mwaka 2014 Karen McComb na wenzake, akiwemo Katito Sayialel wa Amboseli, walichapisha jaribio la kuwasikilizisha tembo sauti za Wamaasai na Wakamba wakisema maneno yaleyale, kila mmoja kwa lugha yake. Tembo walishtuka zaidi kwa wanaume wa Kimaasai, ambao mara kwa mara huwachoma mikuki. Watafiti walirekodi watu wengi, kwa sababu ukitumia sauti ya mmoja huwezi kujua kama tembo wameogopa kabila lake au wamemwogopa yeye tu.

Jambo hili linatuhusu. Tembo wa Amboseli hupita ushoroba wa Kitendeni na kuingia Enduimet, Magharibi mwa Kilimanjaro, kwenye mashamba ya watu. Mkulima anayeambiwa kwamba sauti fulani hufukuza tembo ana haki ya kuuliza ilijaribiwa mara ngapi, kwa makundi mangapi, na ikilinganishwa na nini.

Hata tumbili wale mashuhuri wamepimwa upya. Mwaka 2015 Tabitha Price na wenzake waliichambua milio yao kwa kompyuta, zikiwemo rekodi za zamani za Amboseli. Tofauti kati ya milio zilikuwepo. Lakini milio inayofanana na hiyo ilitolewa pia tumbili walipogombana wenyewe kwa wenyewe, na mipaka haikuwa dhahiri kama wanafunzi walivyofundishwa kwa zaidi ya miaka 30. Miongoni mwa waandishi wa utafiti huo wamo Seyfarth na Cheney.