Mazoezi ya nguvu nyumbani

Mazoezi ya nguvu nyumbani ni mazoezi ya viungo yanayofanywa nje ya ukumbi wa mazoezi (jimu) kwa lengo la kuimarisha misuli na mifupa. Hutumia uzito wa mwili wenyewe au vifaa vya bei nafuu kama vile dumu la maji, mfuko wa mchanga, tyubu ya baiskeli na vyuma vya kutengeneza mwenyewe. Yanatofautiana na mazoezi ya pumzi, mfano kukimbia au kuruka kamba, kwa kuwa shabaha yake si kudumu muda mrefu bali kuushinda uzito ambao misuli haijauzoea.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikuu yote angalau siku 2 kwa wiki, mbali na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kama kutembea haraka. Watu wengi hulijua shauri la kutembea; hilo la nguvu halijulikani sana.

Namna misuli inavyopata nguvu

Katika wiki za kwanza nguvu huongezeka bila msuli kunenepa. Kinachobadilika ni mishipa ya fahamu, ambayo hujifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja. Baadaye nyuzi zenyewe huwa nene, kwa sababu mwili huzijenga upya kwa protini kila baada ya kuchoshwa. Ujenzi huo hutokea wakati wa kupumzika na kulala, ndiyo maana kundi moja la misuli hupewa takriban siku 2 kabla ya kufanyishwa kazi nzito tena.

Kanuni kuu ni kuongeza mzigo kidogo kidogo. Wagiriki wa kale walisimulia habari za Milo wa Croton, mwanamieleka wa karne ya 6 KK, aliyedaiwa kumbeba ndama kila siku mpaka akawa ng'ombe mkubwa. Hiyo ni hadithi, lakini kanuni iliyomo ni ya kweli. Mwaka 1945 Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, alichapisha makala kuhusu askari majeruhi aliowatibu kwa kuwapa uzito unaoongezwa hatua kwa hatua, wakati madaktari wengi waliamini kwamba wagonjwa wa namna hiyo wanyanyue vitu vyepesi tu.

Hapa huulizwa swali: je, mkulima anayelima na kubeba ndoo kichwani anahitaji mazoezi haya? Kazi za mikono humpa nguvu nyingi kuliko mtu wa ofisini, hilo halina ubishi. Lakini ndoo ni ile ile ya lita 20 mwaka hadi mwaka, na jembe halibadiliki uzito. Mwili ukishauzoea mzigo hauna sababu ya kuongeza nguvu. Tena kazi hizo hurudia misuli ile ile na kuisahau mingine, hasa ile ya kuvuta iliyo mgongoni kwa juu.

Vifaa

Kifaa cha kwanza ni mwili. Mtu anapopiga pushapu, mikono yake hubeba takriban theluthi mbili ya uzito wake. Mwenye kilo 70 anasukuma zaidi ya kilo 45. Akipiga magoti hubeba kiasi cha nusu tu au zaidi kidogo, na akisukuma ukuta akiwa amesimama, mzigo ni mwepesi kabisa. Akiweka miguu juu ya kiti mzigo huongezeka. Kwa hiyo zoezi moja lina ngazi nyingi, na asiyeweza pushapu hata moja aanzie ukutani.

Dumu la maji pengine ndicho kifaa bora kuliko vyote kwa anayeanza. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, hivyo dumu la lita 10 ni chuma chenye mizani ndani yake: ukitia lita 5 una kilo 5 pamoja na uzito mdogo wa dumu lenyewe, na wiki ijayo unaongeza lita moja. Dumu lisilojaa lina kasoro, maji huyumba na kuvuta mkono huku na huku. Wengine hulipenda zoezi hilo la kulituliza, ila kwa mwanzo ni afadhali mchanga. Mchanga mkavu una uzito wa takriban kilo 1.6 kwa lita, kwa hiyo chupa ya maji ya lita 1.5 ikijazwa mchanga hufikia karibu kilo 2.4 na kuwa dambeli ya kutosha kwa mabega.

Tyubu kuukuu ya baiskeli hupatikana kwa fundi kwa bei ndogo au bure. Hukatwa sehemu ya kujazia upepo, ikaoshwa na kukaushwa. Ukikanyaga katikati na kuvuta ncha mbili, unapata zoezi la mikono na mgongo. Tofauti na chuma, mpira huwa mgumu zaidi kadiri unavyovutwa. Hupasuka kwa jua na uzee, na ukikatika hurudi kwa kasi ile ile ya manati. Ukaguliwe kila mara, na usivutwe kuelekea usoni.

Vyuma vya zege vimeenea sana katika vijiwe vya mazoezi vya mitaani Afrika Mashariki. Bomba la chuma husimamishwa ndani ya kopo la rangi, kopo likajazwa zege, na baada ya kukauka upande wa pili hufanywa vivyo hivyo. Zege lina uzito wa takriban kilo 2.4 kwa lita, basi kopo la lita 4 hutoa karibu kilo 10 kila upande. Ajali nyingi za vyuma hivi zina sababu tatu. Ya kwanza ni bomba laini lisilo na kitu cha kushika zege: pande moja huchomoka hewani. Fundi mzuri huchomelea misumari au vipande vya nondo kwenye ncha kabla ya kumwaga zege. Ya pili ni pande mbili zisizolingana. Zipimwe kwa mizani, si kwa macho. Ya tatu ni haraka: zege huendelea kukomaa hadi siku 28, nalo linahitaji kumwagiwa maji siku za mwanzo. Aidha, saruji mbichi huunguza ngozi, kwa hiyo isikorogwe kwa mikono mitupu.

Utaratibu

Mpango wa kawaida hugusa mienendo mitano: kuchuchumaa na kusimama, kuinama kwenye nyonga na kuinua kitu kutoka chini, kusukuma, kuvuta, na kubeba mzigo huku ukitembea. Kila mmoja hufanywa seti 2 au 3 za marudio 8 hadi 15, na mapumziko ya dakika 1 hadi 2 kati ya seti. Marudio mawili au matatu ya mwisho yawe magumu. Asiye na chuma kizito asikate tamaa, kwani mzigo mwepesi ukirudiwa mpaka misuli ikaribie kushindwa hukuza msuli karibu sawa na mzito, ingawa kwa nguvu ya kunyanyua kitu kizito mara moja, mzigo mzito una faida zaidi.

Kuvuta ndiko kunakosumbua nyumbani. Tawi imara la mwembe au bomba lililojengewa ukutani linafaa. Mlango, nondo za dirisha na kenchi dhaifu hazifai. Katika kuinua kitu kutoka chini mgongo unyooke, mzigo ukae karibu na mwili, na pumzi itolewe wakati wa kunyanyua. Kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu ghafla.

Chakula cha kawaida kinatosha kikiwa na protini: maharage, dagaa, mayai, maziwa, karanga. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini. Sindano na vidonge vya kukuza misuli vinavyouzwa kimya kimya ni jambo lingine kabisa; homoni hizo hudhuru moyo, ini na uzazi.

Hofu kwamba mwanamke atapata mwili wa kiume haina msingi, kwani homoni inayokuza misuli minene ni ndogo sana kwake.

Tahadhari

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, selimundu au mjamzito amwone mtaalamu wa afya kwanza. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kuacha papo hapo. Kusukuma chuma kizito ukiwa umelala chali bila msaidizi ni hatari ya kifo, maana kikikushinda hukulalia shingoni.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Marudio mamia kwa mtu asiyezoea huweza kuvunja nyuzi za misuli, na mabaki yake yakaziba kazi ya figo. Dalili ni maumivu makali, misuli kuvimba na mkojo wenye rangi kama ya chai ya rangi; mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Jambo hili linawahusu walimu hasa, kwa kuwa kichurachura na pushapu vimetumiwa shuleni kama adhabu kwa miaka mingi. Mbali na kudhuru mwili, adhabu hiyo huwafanya vijana waliangalie zoezi kama fedheha, na wengi hawalirudii tena wakishamaliza shule.

Kwa wazee

Misuli hupungua taratibu kuanzia umri wa makamo, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Matokeo yake huonekana katika mambo madogo: kushindwa kuinuka kwenye kigoda, kuanguka chooni usiku, kuvunjika nyonga. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya wazee wa miaka 86 hadi 96 waliofanya mazoezi ya nguvu ya miguu kwa wiki 8. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, Shirika la Afya Duniani linaongeza mazoezi ya mizania na nguvu siku 3 kwa wiki.

Kipimo chepesi ni kukaa kwenye kiti kisicho na mikono kilichoegemezwa ukutani, kukunja mikono kifuani, kisha kusimama na kukaa kwa sekunde 30. Kwa umri wa miaka 60 hadi 64, mwanamume asiyefikisha mara 14 na mwanamke asiyefikisha mara 12 wako chini ya wastani. Kipimo hicho hicho ndicho zoezi la kuanzia: seti chache kila baada ya siku moja, mwanzoni kwa kujisaidia na mikono, na mtu wa kusimama karibu.