Mwaridi wa Mama

Mama aliwahi kupanda mwaridi kutoka Lushoto uani kwetu Mwankoko. Ulifika Agosti, upepo wa kiangazi ukivuma; Oktoba ulikuwa kijiti kikavu. Nyuma yake, mkonge wa mpakani, ambao hakuna aliyewahi kuumwagilia, ulisimama vilevile.

Tulidhani mkonge ni wa kwetu tangu mababu. Kumbe mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza kutoka Florida miche 1,000 ya mmea huo wenye asili ya Mexico. Iliyosalia hai hadi kupandwa pwani ya Tanga ilikuwa 62 tu. Safari ilimaliza mingine. Lakini ukishashika ardhi, mkonge haubembelezwi. Vitundu vya majani yake hufunguka usiku, jua likiwa limezama, hivyo mchana haupotezi maji ovyo. Singida, ambako baada ya Aprili mvua husubiriwa hadi Novemba au Desemba, hilo si jambo dogo.

Mnyaa wa maua ya nyumba zetu hufanya hivyohivyo kwa matawi yake. Huo hakuna Mjerumani aliyeuagiza.

Visima vya Mwankoko hupeleka maji Singida mjini. Mama bado anapima ndoo: mchicha au waridi? Juzi alikata kipande cha mnyaa wa jirani, akakichomeka palipokuwa na mwaridi.