Nani Alikuwa Mwenye PlayStation 2?

Historia ya PlayStation 2 kwa kawaida huanzia kwenye foleni za Tokyo. Tarehe 4 Machi 2000 Sony iliiweka sokoni Japan kwa yeni 39,800, na katika siku mbili za mwanzo zikauzwa karibu milioni moja. Tarehe 26 Oktoba mwaka huohuo ikaingia Marekani kwa dola 299. Vipuri vilikuwa vimepungua, shehena ya mwanzo ikakatwa kutoka mashine milioni moja hadi laki tano, na watu wakalala nje ya maduka wakisubiri kupambazuke. Baada ya hapo simulizi huruka hadi mwisho: uzalishaji ulisimama Januari 2013, zikiwa zimeuzwa mashine zaidi ya milioni 155. Kwa miaka mingi hakuna mashine nyingine ya gemu ya nyumbani iliyoikaribia.

Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini ni ya mauzo. Inamhesabu mtu aliyelipa, akapewa risiti, akaenda kuichomeka mashine sebuleni kwake. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na utafiti wangu unahusu burudani za vijana wa Dar es Salaam katika miaka ya 2000. Kadiri ninavyoendelea naona kwamba, kwa mji kama huu, kuuliza nani aliinunua mashine hakutufikishi mbali. Afadhali kuuliza nani aliishika pedi, kwa dakika ngapi, na kwa hela ya nani. Ukiuliza hivyo, maoni ya wanunuzi, ambayo ndiyo yaliyoandikwa na kuhifadhiwa, yanageuka kuwa maoni ya kundi dogo.

Hata hivyo, kundi hilo lisikilizwe kwanza, kwa kuwa lilisema mengi ya maana. Wanunuzi wa Japan, Ulaya na Marekani waliisifu PlayStation 2 kwa mambo mawili kuliko mengine. La kwanza, ilicheza DVD, wakati ambapo mashine ya DVD peke yake iliweza kugharimu kiasi hicho au zaidi, kwa hiyo baba aliyekataa kununua gemu aliweza kushawishika kwa filamu. La pili, ilisoma diski za PlayStation ya kwanza, hivyo aliyekuwa na kabati la gemu za zamani hakulazimika kuzitupa. Walilalamika pia. Memori kadi ya megabaiti 8 ilinunuliwa kando. Picha za gemu za mwanzo zilikuwa na kingo zenye meno kama msumeno. Na ilikuwa na matundu mawili tu ya pedi, ilhali Dreamcast ya Sega, GameCube ya Nintendo na Xbox ya Microsoft zilikuwa na manne. Aliyetaka watu wanne wacheze pamoja ilimbidi anunue kifaa cha ziada.

Nyuma ya sifa na lawama hizi kuna sebule. Kuna kochi, ndugu wawili au watatu, umeme usiokatika, na mtu mmoja anayeweza kutumia wiki nzima kumaliza hadithi moja ya gemu bila mtu kumwambia muda wake umekwisha.

Mashine hiyohiyo ilipofika Temeke haikukuta sebule. Ilikuta kibanda cha mabati, benchi la mbao, feni moja, televisheni ya chogo na mwenye kibanda aliyeitafutia mtaji. Hapo kila sifa ilipimwa upya. Matundu mawili ya pedi, yaliyowaudhi wanunuzi wa Ulaya, kibandani yalikuwa ndiyo kanuni ya biashara: wawili wanacheza, wengine wanapanga foleni. Katika kibanda cha mtaani kwetu aliyefungwa ndiye aliyelipa na kupisha, mshindi akabaki. Mchezaji hodari aliweza kuingia na sarafu moja ya shilingi 200 akakaa mpaka magharibi, na mwenye kibanda hakuchukia, kwa sababu wapinzani wa hodari ndio waliojaza kopo la hela.

Kusoma diski za zamani nako kulikuwa na maana tofauti. Mwenye kibanda aliyekuwa ameanza na PlayStation ya kwanza hakupoteza mtaji wake wa diski alipobadili mashine. DVD ndiyo iliyomwezesha kugeuza kazi jioni: pedi zinafungwa, filamu inawekwa, na kibanda cha gemu kinakuwa kibanda umiza. Kwa hiyo mashine moja iliingiza hela kwa njia mbili, na siku ya mechi kubwa ya Ulaya televisheni ileile ikaingiza ya tatu.

Memori kadi haikuwa na thamani kubwa hapa, na sababu yake inaeleza mengi kuhusu ladha ya kizazi kizima. Gemu ya hadithi ndefu inamtaka mchezaji arudi kesho pale alipoishia jana. Kibandani kesho ilikuwa ya mtu mwingine. Anayetembea peke yake ndani ya jimbo la San Andreas amekalia mashine ambayo ingeweza kulipiwa na watu wawili, na watazamaji wake hawalipi chochote. Mpira wa miguu una dakika maalumu, una wachezaji wawili, na una mshindi ambaye hakuna anayeweza kumbishia. Nadhani hii ndiyo sababu Winning Eleven ya Konami ilitawala vibanda. Tuliupenda mpira, hilo halina ubishi, lakini pia hesabu ya mwenye kibanda iliupenda. Wala hatukuwa peke yetu duniani kuendelea hivyo. Gemu ya mwisho kabisa kutolewa kwa PlayStation 2 ilikuwa ya mpira, Pro Evolution Soccer 2014, iliyotoka Novemba 2013, miezi kumi baada ya uzalishaji wa mashine kusimama. Konami ilijua bado kuna watu wanaocheza.

Hakuna aliyecheza haya yote kwa diski halisi za dukani. Sony iliigawa dunia katika kanda, na diski ya kanda moja haikukubali kwenye mashine ya kanda nyingine, wala diski ya kunakili haikukubali popote. Fundi aliifungua mashine, akachomelea chipu ndogo ubaoni, na kuanzia hapo ikasoma kila kitu. Kwa mwenye kibanda chipu haikuwa ujanja wa pembeni, ilikuwa sharti la kuanza biashara. Ni rahisi kulieleza jambo hili kama wizi wa nchi maskini na kuishia hapo. Lakini swali la kama aliyenunua mashine ana haki ya kuifungua na kuibadili lilifika hadi Mahakama Kuu ya Australia, kwenye kesi ya Stevens, muuzaji wa chipu wa Sydney aliyeshtakiwa na Sony. Oktoba 2005 mahakama ile ilimpa ushindi Stevens. Bunge la huko likaja kuibadili sheria baadaye, ila hoja ilikuwa imeshasemwa na majaji: kununua kitu na kukimiliki kuna mipaka inayogombaniwa, hata kwenye nchi tajiri.

Mimi mwenyewe nilikiona kibanda kutoka mlangoni. Nilikuwa binti wa miaka tisa au kumi, na kazi yangu ilikuwa kutumwa na mama kumwita kaka aje kula. Nilisimama kizingitini, nikasema, "Kaka, mama anakuita," naye akajibu bila kugeuka kwamba anamalizia kipindi cha pili. Nilijifunza kusubiri. Nikajua kusoma kile kisanduku cha dakika juu ya kioo, nikajua sauti ya goli kabla sijaliona. Hakuna sheria iliyowakataza wasichana kuingia. Ilitosha kwamba wote waliokuwa ndani wangegeuka kukutazama. Nilipowahoji watu kwa ajili ya utafiti, wanawake wa rika langu walinieleza kitu kilekile kwa maneno yao: waliijua mashine kwa masikio, kwa kupita, kwa kutumwa. Kama mtu angekusanya maoni ya wachezaji wa PlayStation 2 wa Temeke, bado angetuacha nje sisi tuliosimama mlangoni.

Kuna wengine walioachwa mbali zaidi ya mlango. Aprili 2000 serikali ya Japan iliweka masharti ya kuisafirisha PlayStation 2 nje ya nchi, kwa hofu kwamba uwezo wake wa kuchakata picha ungeweza kutumika kuongoza makombora. Leo inachekesha kidogo. Ila wakati Tokyo ikiogopa vita ambayo mashine ingeweza kuisaidia, kulikuwa na vita nyingine tayari, na uhusiano wake na mashine ulikuwa wa aina tofauti.

Vifaa vya elektroniki vya miaka ile, yaani simu, kompyuta na mashine za gemu, vilihitaji kapasita ndogo zinazotengenezwa kwa tantalamu. Tantalamu hupatikana kwenye koltani, na koltani ilichimbwa kwa mikono Kivu, mashariki mwa Kongo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Ndani ya mwaka 2000 bei yake kwenye soko la dunia ilipanda mara kadhaa, kisha 2001 ikaanguka. Novemba 2000 kundi la waasi la RCD lililotawala Goma lilimpa muuzaji mmoja haki ya pekee ya kuisafirisha. Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza jinsi madini ya eneo lile yalivyogharimia majeshi yaliyokuwa yakipigana. Wachimbaji waliingia hadi ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, makazi ya sokwe. Taasisi ya Pole ya Goma ilichapisha mwaka 2002 utafiti uliowahoji watu wa Kivu Kaskazini wenyewe: wakulima walioacha mashamba, vijana walioacha shule, hela iliyokuja kwa kasi na kuondoka kwa kasi.

Baadaye baadhi ya waandishi waliiita vita ile vita ya PlayStation. Mwanafunzi wa historia lazima akatae jina hilo. Vita ilianza Agosti 1998, mwaka mmoja na nusu kabla mashine haijauzwa, na ilikuwa na sababu zake za kisiasa zilizotangulia koltani. Tantalamu nyingi ya dunia wakati ule ilitoka Australia. Simu na kompyuta nazo ziliidai. Lakini kulikataa jina hakufuti ukweli ulio chini yake: mshtuko wa bei ya mwaka 2000 ulisababishwa na hamu ya dunia ya vifaa vya aina hii, na kijana wa Masisi aliyekuwa na sururu mkononi aliusikia mshtuko huo kabla yetu. Alikuwa ndani ya historia ya mashine hizi kabla foleni za Marekani hazijapangwa. Hakuna aliyemuuliza anaionaje mashine.

Ndiyo maana nasita kila ninapokuta orodha za sifa za PlayStation 2: kichakato cha megahezi 294, kumbukumbu ya megabaiti 32, matundu mawili ya pedi. Orodha hizo hazidanganyi. Ila sifa ya mashine hutegemea nani ameikalia mbele. Tundu la pili la pedi ni kasoro kwa mmoja, ni kodi ya nyumba kwa mwingine, na kwa mtoto aliyetumwa ni dakika kumi zaidi za kusubiri.

Tatizo langu sasa ni ushahidi. Mashine zilizoingia mikononi mwa wasafiri na ndani ya mizigo ya mitumba hazikuacha rekodi. Vibanda havikusajiliwa. Mgao wa umeme wa 2006 uliviua vingi, na simu zenye gemu ndani zikamalizia vilivyobaki. Nilichopata mpaka sasa ni mahojiano kumi na saba, picha chache, na daftari moja la mistari kutoka kwa mzee aliyefunga kibanda chake Tandika na kufungua duka la vocha. Lina safu tatu zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu: jina, mechi, hela. Majina mengi ni ya utani, ya wachezaji wa Ulaya, na pembeni ya baadhi yake kuna neno "anadaiwa". Nimeanza kuyatafuta, moja baada ya jingine. Wengi wana miaka thelathini na kitu sasa, na wawili wameshafariki.